Goti la Watasema

Nilimfungua kamba mbwa mgonjwa ili nifanye muujiza. Ndiyo, muujiza, mbele ya watu wawili na kuku. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na utamu wa zamani mtanipenda kwanza, halafu itawawia vigumu kunilaumu.

Enzi zetu... Najua, nina miaka kumi na sita, bado nalala bwenini na kuamshwa kwa kengele. Lakini nyie tuliokua pamoja pale kijijini Mamba mtanielewa. Tulicheza mpira wa majani ya migomba mpaka ukafumuka katikati ya goli. Tulikimbiza magurudumu ya baiskeli yasiyo na baiskeli, tukarudi nyumbani matumbo yakinguruma, na harufu ya samaki mkavu wa Rukwa ikitupokea njiani kabla hata hatujauona moshi wa jiko. Vitoto vya darasa la kwanza vya siku hizi vikichomwa na mwiba mmoja vinaomba ruhusa siku tatu! Sisi mwiba tuliutoa kwa mwiba mwingine, mechi ikaendelea.

Nyumbani kwetu alikuwepo mbwa, Watasema. Jina alipewa na Mama mwaka Baba alipokwenda kufanya kazi mgodini Mpanda, majirani wakaanza kunong'ona kwamba harudi. Mama alisimama uani akaita kwa sauti, "Watasema! Njoo, Watasema!" na kila aliyehusika akasikia. Mama alilima, Watasema akafukuza nguruwe pori. Hapakuwa na mtu wa tatu katika mpango huo. Mimi nilikuwa wa kula tu.

Msimu mmoja, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, Watasema alimkimbiza nguruwe akatumbukiza mguu wa nyuma kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Alirudi kwa miguu mitatu, wa nne ukining'inia, ncha ya kidole tu ikigusa chini. Mama akamwita Mjomba, kaka yake, mwindaji aliyekuwa na mbwa sita na meno manne. Mjomba akamlaza chini, akashika paja kwa mkono huu na mfupa wa chini ya goti kwa mkono ule, akasukuma polepole. Ule wa chini ukateleza mbele, ukarudi.

"Mfupa mzima," akasema. "Kilichoachia ni kano ya ndani ya goti. Hii haina dawa ya kunywa. Dawa yake kufungwa."

"Mpaka lini?" Mama akauliza.

Mjomba akatazama shamba. "Mpaka ndevu za mahindi zikauke. Asikimbie, asiruke hata kizingiti. Na ugali mpunguzie, akinenepa ni goti litakalobeba."

"Na nguruwe je?"

"Utalinda mwenyewe, dada. Akipona vizuri atakulindia miaka. Mkimharakisha hutakuwa na mbwa, utakuwa na mgeni."

Basi Mama akapanda ulingoni, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, na debe lake la kugonga. Mimi nikakabidhiwa mgonjwa. Wiki za kwanza alikaa ndani ya kihenge kitupu cha mahindi tulichokikata mlango chini. Nilimtoa kwa kamba fupi akojoe, nikamrudisha. Jioni nilimkanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto, naye akinitazama kama padri anayesikiliza dhambi alizokwisha kuzizoea. Baadaye tukaenda hatua ishirini. Halafu mpaka kwenye kichuguu. Halafu nikamtembeza polepole ndani ya maji ya majaruba ya mpunga, kwa maana Mjomba alisema maji yatambebea uzito.

Asubuhi moja nikahesabu nyayo zake kwenye tope: nne! Nikapiga kelele. Mama akashuka ulingoni mbio, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akainama akazitazama zile nyayo, akacheka. Katika utoto wangu wote, hiyo ndiyo siku ninayoitamani irudi.

Lakini mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa ndevu, laini, zenye umande.

Jumapili iliyofuata katekista alitusimulia habari za kiwete aliyeponywa. Tulipotoka, rafiki zangu Polikarpo na Kristofa wakanifuata nyumbani. Mama alikuwa shambani. Polikarpo akamkuta Watasema kwenye kamba yake, akasema, "Mbwa wenu siku hizi bibi kizee, anashikwa mkono."

Mngekuwa mimi mngenyamaza? Mimi sikunyamaza. Nikachukua kanga ya Mama nikaifunga shingoni kama joho, nikafungua kamba, nikanyoosha mkono. "Watasema! Inuka, tembea!"

Akainuka. Akatembea. Kristofa alipiga ishara ya msalaba huku akicheka mpaka kamasi. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika.

"Kutembea hata bata anatembea," Polikarpo akasema. "Aruke!"

Nikarusha mfupa ng'ambo ya tuta la jaruba. Aliruka, kwa sababu aliyemwambia ni mimi. Kikasikika kilio kimoja kifupi, basi. Polikarpo akakumbuka kwamba kwao wanamtafuta.

Mjomba alikuja tena, akashika, akasukuma. Safari hii mfupa uliteleza mbali zaidi. "Hakuna kilichobaki cha kuunga," akasema, wala hakunitazama. Mguu ulikuja kukakamaa. Watasema akaweza kwenda kisimani na kurudi, lakini si kumkimbiza mnyama. Mama alilinda shamba mpaka mavuno, na msimu uliofuata, na huu.

Nikirudi likizo namkuta mbwa chini ya ulingo. Akisikia nguruwe, hubweka akiwa amelala, nao wamekwisha kumjua, hawageuki. Huku shuleni mpira wetu ni wa ngozi, una pumzi ya kweli, na nikianza vichekesho vyangu bweni zima linashika mbavu. Zamani nilikuwa na watazamaji wawili, na kuku, na mbwa aliyekuwa akikanyaga nyayo nne. Ningebadilishana leo hii.

Jioni ile ya muujiza Mama hakunipiga. Nilitamani anipige. Alitazama kanga yake, ambayo nilikuwa nimesahau kuivua shingoni, akaketi chini kando ya Watasema, akalifunika goti lake kwa kiganja. Kisha akasema, "Mbwa umemwambia ainuke, akakutii. Haya, baba, panda ulingoni, kawaambie na nguruwe."