Kilima Ambacho Mama Mikate Hataki Kukisalimia

Kumepambazuka kwa uvivu. Ukungu umelala barabarani, na ndani yake mnyororo wa baiskeli unasikika ukilalamika taratibu. Kisha anatokea mwanamke mwenye sweta la kijani, kreti ya mikate imefungwa nyuma yake, anapanda kilima kama mtu aliye ndotoni.

Wateja humwita Mama Mikate. Mumewe ndiye mwokaji. Yeye ndiye miguu ya biashara.

Waendesha baiskeli za mashindano hutoka mbali kuja kujifua kwenye vilima vitatu vya hapa. Cha kwanza kina mteremko wa kupumzikia, cha pili kina kivuli. Kinachopendwa zaidi ni hiki cha tatu, pamoja na kona yake iitwayo Mwongo. Ukifika hapo unaona anga tupu, unadhani umemaliza, unamwaga nguvu zote, kumbe kilima ndiyo kwanza kinaanza. Anayeshindwa akatia mguu chini, wenzake husema amekisalimia kilima.

Mama Mikate hakuwahi kukisalimia mpaka nimonia ilipomlaza hospitali. Tangu atoke, hukisalimia kila siku, palepale kwa Mwongo. Mumewe amechoka kuogopa. Wamekubaliana kwamba asipofika juu bila salamu kabla ya mvua za msimu kuanza, baiskeli itauzwa na mikate itapanda kwa pikipiki.

"Hapa ndipo ninapowazia mambo yangu," anasema Mama Mikate. "Nasikia pumzi yangu na ndege, basi. Kwenye pikipiki nitawaza nini na kelele zile?"

Leo wifi yake, ambaye naye anajiandaa kwa mashindano, anapanda kando yake, akimtania kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa injini. Upande wa bonde mawingu yameshakuwa meusi.

Kwa Mwongo anga linafunguka, jeupe, zuri mno. Mama Mikate halitazami. Anainamisha kichwa, anapumua, anapita. Hatimaye ukungu wote uko chini yao, umefunika mabonde. Amefika, na machozi yanamtoka bila aibu.

Ndipo anapofungua kreti. Mikate ni nusu. Chini yake kumejazwa magunia matupu yaliyokunjwa. Asubuhi aliyepakia ni mumewe. Wifi anaangalia pembeni.

Haupiti muda, mwokaji mwenyewe anatokea kwenye ukungu akisukuma baiskeli ya kuazima, mikate iliyobaki ikiwa kwenye begi mgongoni. Amekisalimia kilima tangu chini hadi juu.

"Nilitaka ushinde, mke wangu," anasema akihema. "Pikipiki ilikuwa woga wangu tu."

Mama Mikate hajui amnunie au amkumbatie. Anamkumbatia, kisha anamwambia kwamba ushindi wa leo hauhesabiki.

"Kesho nipakilie yote."

"Na mvua ikianza usiku?"

"Nitapanda nimelowa."