Kabati la Sambusa na Msahafu wa Kiuyu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwasha pangaboi. Chumba kilikuwa cha moto, na mezani zilitandazwa karatasi kuukuu zilizoliwa na mchwa mpaka zikawa kama kimia. Upepo ulipozifikia, vipande viliruka hadi chini ya makabati. Mkuu wa Kituo hakunigombeza. Alizima pangaboi, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akasema, "Haya kijana, leo utajifunza kusoma kwa kutambaa." Tukatambaa mpaka adhuhuri.

Kazi yetu iliitwa uhifadhi wa maandiko. Watu walidhani tunakaa kulinda vitabu visiibiwe. La, tulikuwa mafundi. Tuliondoa ukungu kwa brashi laini, tukatenganisha kurasa zilizogandana kwa bapa, yaani kisu butu cha mfupa, na kuziba matundu kwa karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Gundi yake ni wanga wa ngano, tuliipika wenyewe, na ukizidisha moto unapata uji wa futari. Nilianzia Chake Chake, nikapelekwa Unguja kusomea, ambako waliicheka lafudhi yangu mpaka wakachoka, kisha nikahamishiwa Wete. Mkuu wangu wa pili, mtu wa kanuni na mihuri, alinifunza jambo moja la maana: usiguse ukungu bila kufunika pua. Yeye hakufunika ujanani, na kikohozi chake tulikisikia kabla ya kumwona.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Bi Mize kutoka Kiuyu, mama aliyenizidi umri, mwembamba, macho makali. Alikuja mikono mitupu.

"Mwanangu, nna chuo cha babu yangu," alisema. Chuo ndivyo wazee wetu waitavyo kitabu. "Msahafu, kauandika kwa nkono wake. Nchwa washaingia. Wanangu washachimba shimo nyuma ya msikiti, tuuzike."

Kwetu msahafu uliochakaa hautupwi. Huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, na aufanyaye hivyo ameuheshimu.

"Basi umekuja kwangu kwa lipi, Bi Mize?"

"Nataka kujua kama wafungulika. Lakini nna sharti. Hata chembe isianguke chini ikakanyagwa. Ikianguka moja, nakitwaa chuo changu, na Ijumaa ya pili nakizika."

Nilimwambia nitajaribu, kisha nikakaa na woga wangu. Karatasi iliyoliwa na mchwa humwaga unga kila ukurasa unapoguswa, na ndani ya unga ule mna herufi. Nisipoukubali, msahafu unazikwa na hakuna atakayejua kilichokuwamo. Nikiukubali juu ya meza ya kawaida, nitavunja ahadi kabla ya kufika Suratul Baqara.

Mkuu wa tatu alikuwa binti msomi, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Aliniambia maabara za watu zina kisanduku cha glavu: sanduku lililozibwa pande zote, lenye kioo cha kutazamia na glavu zilizofungwa ukutani, unatia mikono kutoka nje na kilichomo hakitoki.

"Lakini mzee, hicho huagizwa ng'ambo, na sisi hata kalamu zetu huja na boti."

"Basi nitakiunda."

"Kwa kitu gani?"

Nilitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kabati la sambusa, vioo kila upande, nzi wamekaa nje wanatamani. Miaka yote nilikula humo bila kulitazama sawasawa. Mkuu akacheka, kisha akaacha kucheka, akaenda yeye mwenyewe kulinunua.

Tulilisugua kwa sabuni na ndimu mara nne, maana mafuta na karatasi havipatani. Kioo cha mbele nilikiondoa, nikaweka plaiwudi na kuitoboa matundu mawili; kutazama nikawa natazamia kioo cha juu. Ndani ya kila tundu nikakaza pete iliyokatwa kwenye bomba jipya la plastiki. Glavu za jikoni ni fupi, kwa hiyo nilikata mikono ya koti la mvua, nikaiunga na glavu, nikaivisha kwenye pete na kuibana kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Mianya yote niliziba kwa silikoni ya mafundi vioo, na mlango wa nyuma nikauvisha ukanda wa mpira. Taa niliiweka nje, na ndani nikatia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mke wangu alivikusanya mtaa mzima, na watu wakaanza kuuliza kama mumewe ana akili timamu.

Bi Mize alikuja kulikagua Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa ya mazishi. Akatandaza kitambaa cheusi chini ya kabati.

"Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Tia unga wa ngano, uupige."

Niliupiga kwa brashi mpaka kioo kikawa cheupe. Akainama, akapitisha kidole juu ya kitambaa, akaniletea puani.

"Na hunu?"

Ulikuwa unga, kidogo sana, lakini unga. Niliona haya ya kitoto. Yeye akakunja kitambaa chake na kuondoka.

Nilirudi kwenye kabati nikatia mikono na kuitoa, kutia na kutoa, hadi nikaona glavu zinavimba. Kumbe nilikuwa nimeziba mno! Mkono ukiingia unasukuma hewa, na hewa isipopewa njia hujitafutia. Nikatoboa tundu dogo la kupumulia juu, nikalifunika kwa kitambaa cha barakoa, tabaka tatu. Alhamisi nilimpelekea salamu Kiuyu, akaja na kitambaa kilekile. Mara hii alipitisha kidole mara tatu, kikatoka safi. Akatoka nje, akarudi na msahafu, umefungwa kwenye kanga mbili. Kumbe alikuja nao, ameuacha kwa jamaa yake jirani.

Nilikuwa na swali jingine, maana mimi kwa kuuliza sijambo. Mtu asiye na udhu hashiki msahafu. Je, mwenye glavu? Imamu wetu alinitazama kwa huruma. "Glavu ni zako wewe, kwa ukungu. Udhu ni wa msahafu. Kuwa navyo vyote viwili, uache kutafuta njia ya mkato." Basi nikawa natawadha, navaa, natoa, natawadha tena.

Siku kumi na moja tuliufungua, ukurasa kwa ukurasa. Karatasi tatu za mwisho hazikuachana, zikabaki kama zilivyo. Unga wote niliufagia kwenye sinia, nikaufunga katika kitambaa cheupe. Ndio uliozikwa Kiuyu, katika shimo lililochimbwa kwa kipimo cha kitabu kizima.

Sasa nimestaafu. Vijana hunipigia simu kuuliza upana wa pete na aina ya silikoni, nami nawaeleza kwa furaha. Kuna mmoja wa Mgogoni ameunda kabati la kwake la kutwangia pilipili. Hawaulizi kuhusu siku ya mwisho ya kazi ile, kwa hiyo naisema hapa.

Bi Mize alitaka kutia mikono yeye. Nikamuuliza kama ana udhu.

"Waniuliza mie?"

Akaingiza mikono, akafungua katikati, akaanza kusoma kwa sauti. Miaka yote aliyoutunza hakuwahi kuufungua, kwa kuogopa kuuvunja. Alifika kwenye tundu la mchwa, kubwa kama sarafu, mistari minne imeliwa. Sauti haikusita. Alipita juu ya tundu na maneno yote yakatoka, yamo kifuani mwake. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

"Bi Mize," nikamwambia, "yote unayajua kwa moyo. Ulihofia nini kipotee?"

"Maneno ya Mngu hayapotei, mwanangu. Nkono wa babu ndo upoteao."

Basi nikamwelekeza kwenye ukurasa niliokuwa nimeuona siku ya sita. Babu yake alikuwa ameruka neno, akatia alama ndogo, akaliandika pembeni kwa herufi za kubanana. Bi Mize aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Akausogeza ukurasa ule taratibu kwenye mwanga, akacheka kicheko cha msichana.

"Tazama," alisema, kidole cha glavu kikiwa juu ya neno lile. "Kumbe naye akisahau!"