Odarka na Alhamisi Iliyopotea

Odarka Melnychuk, aliyetutoka majira ya baridi yaliyopita, alikuwa msemaji tangu utotoni. Mama yake alisimulia kwamba siku ya ubatizo alipiga kelele mpaka padri akasahau alipofikia katika sala. Ndiyo maana watu wa kijiji chetu cha Wolanka walicheka waliposikia kazi aliyoipata akiwa na miaka arobaini: kukaa kimya, na kulipwa kwa hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupima tovuti. Kampuni moja ya jiji la Winnipeg ilimtumia tovuti ambazo bado zinatengenezwa, naye akazifungua jikoni kwake kwenye simu. Alikuwa na boksi la simu kumi na saba, mpya na kuukuu, nyingine zimepasuka vioo. Kisha alimtafuta mtu, akampa shughuli ndogo, labda kununua tiketi au kutafuta namba ya daktari, akakaa kando akimtazama bila kumsaidia hata kwa kikohozi. Hapo ndipo alipoumia. Alisema ukimwonyesha mtu njia, umejipima wewe mwenyewe. Kabla ya kila kipimo alifanya ishara ya msalaba na kumwomba Mungu amfunge mdomo dakika kumi tu. Siku iliyobaki angeongea kufidia.

Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, wanawake wa kanisa walikuwa ukumbini wakifinya perohi, vifurushi vidogo vya unga vyenye viazi ndani, kwa ajili ya chakula cha mavuno. Bibi Paraska, mjane wa miaka themanini na mbili aliyekaa jirani na Odarka, alifinya taratibu kuliko kawaida yake.

"Paraska, hizo unazifinya au unazibembeleza?" Odarka alimtania.

"Acha niziage. Huko makao ya wazee sidhani kama wataniruhusu kushika unga."

"Makao gani tena?"

Ndipo ilipojulikana. Halmashauri ingekutana baada ya siku nane kupiga kura ya kulifuta gari la wazee, lile lililowapeleka hospitali ya Dauphin kila Alhamisi. Tangu kupanga nafasi kuhamishiwe kwenye tovuti, gari lilikwenda na abiria wawili, wakati mwingine tupu. Paraska alichomwa sindano ya macho kila mwezi, na hakuwa akiendesha gari tena. Bila gari, mwanawe aliyeko Calgary alikuwa ameshaamua kumhamisha.

"Kwani kwa nini hukupanga nafasi?" Odarka aliuliza.

"Nilijaribu. Alhamisi hakuna."

"Zimejaa?"

"Hazikujaa. Hakuna Alhamisi yenyewe. Wiki inaishia Jumatano. Nikajua wameshaifuta, sikutaka kuwasumbua watu ofisini."

Odarka alifuta mikono kwenye aproni. "Lete simu yako."

Simu ya Paraska ilikuwa na herufi kubwa kama mabango ya barabarani, maana macho yake yalihitaji hivyo. Na kweli, kalenda ilijaa kioo chote kwa Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ikakatwa ukingoni. Ukiisukuma kwa kidole haisogei. Odarka aliomba simu za wanawake wengine mezani. Simu sita kati ya tisa, wiki iliishia Jumatano, na wenye simu hizo wote walikuwa wamenyamaza, kila mmoja akidhani ujinga ni wake.

"Mungu wangu," Odarka alisema, "tumekuwa watu wa adabu mpaka tutakufa nazo."

Siku ya kikao alimpeleka Paraska mpaka ofisi ya halmashauri. Mwenyekiti, Lorne Sawchyn, mkulima wa mbegu za mafuta za kanola mwenye sauti nene, alimwambia kabla hajaketi:

"Odarka, najua umekuja kupiga domo. Tovuti inafanya kazi. Hii hapa simu yangu, tazama, Alhamisi ile pale."

"Lorne, simu yako ina herufi ndogo kama chawa. Mimi leo sipigi domo. Naomba mtazame tu, na anayetazama haruhusiwi kusema."

"Wewe? Kimya?" Ukumbi ulicheka.

"Mniwekee saa."

Kijana aliyeitengeneza tovuti, Kirby, alikuwepo pia, uso umeshamwiva kwa wasiwasi. Odarka alimweka Paraska mezani na simu yake mwenyewe, akamwambia apange safari ya Dauphin, kisha akafanya ishara ya msalaba na kufunga mdomo.

Paraska alivaa miwani. Alifungua, akabonyeza, akaomba radhi. Watu walitazamana: bibi alikuwa akiiomba radhi simu. Alibonyeza Jumatano, tovuti ikakataa kwa maandishi mekundu. "Samahani," akaiambia tena. Akabonyeza Jumanne.

"Bibi, jaribu kuilaza si..." Kirby alianza.

Odarka alimmiminia kiganjani konzi ya mbegu za alizeti, akamwonyesha kwa kidole mdomo wake mwenyewe uliofungwa. Kirby akatafuna. Odarka akawapa na wajumbe, maganda yakawa yanapasuka ukumbi mzima. Paraska aliiacha tarehe, akashuka mpaka kwenye anwani. Tovuti ilitaka namba ya nyumba na jina la mtaa. Yeye, kama nusu ya Wolanka, anakaa shambani ambako hakuna mtaa. Aliiweka simu chini polepole.

"Ni mimi tu sijui mambo haya," alisema. "Lakini tovuti ni nzuri. Rangi zake zinapendeza."

Lorne alinyoosha mkono, akaichukua simu ile, akahangaika nayo mwenyewe dakika nne huku masikio yakizidi kuwa mekundu.

"Kirby, hii kitu inakataa hata mimi."

"Lakini kwa nini hakuna aliyepiga simu kuniambia?" Kirby aliuliza.

"Mwanangu," Paraska alimjibu, "ulionekana umefanya kazi kwa bidii."

Kura iliahirishwa mwezi mmoja. Jumapili baada ya ibada, Kirby alileta marekebisho ukumbini: siku zimepangwa kwa kushuka chini, moja chini ya nyingine, na namba ya shamba inakubalika. Odarka aliwakalisha wazee watano, kila mmoja na simu yake. Wanne walikwama: ukiandika jina, herufi za kuchapia zinapanda na kukifunika kitufe cha kutuma. Safari hii Kirby alikaa kimya bila kuambiwa, akaandika kwenye daftari, akarudi Jumatano. Watano wote wakapita. Odarka alimkumbatia mpaka miwani ya kijana ikapinda, kisha akaongea bila kupumua saa nzima na nusu.

Wiki iliyofuata gari lilijaa, na mwisho wa mwezi Lorne mwenyewe alipendekeza liendelee. Mwana wa Paraska akapigiwa simu aache kutafuta chumba.

Ila Alhamisi ile ya kwanza, dereva alisimama nje kwa Paraska akiwa na karatasi mkononi.

"Bibi, nafasi nane zimejaa, na nne zimeandikwa jina lako. Unaenda na nani?"

Paraska alishika mlango wa gari akifikiri. "Nilibonyeza, haikuniambia kitu. Nikabonyeza tena kuhakikisha. Hizo tatu wape wengine," alisema akipanda, "lakini tafadhali usimwambie Kirby. Atajisikia vibaya."

Odarka, aliyekuwa uani kwake jirani akianua nguo, alisikia yote. Kirby alizipata habari kabla gari halijafika barabara kuu.