Pembe Namba 117: Bibi Mifugo aliyeipinga bei yake mwenyewe

Ukungu bado umeukalia Mlima Kwaraa, na Xaveria Konstantini tayari ameingiza mkono mdomoni mwa ng'ombe. Ni saa moja asubuhi hapa Maisaka, pembeni mwa mji wa Babati. Ng'ombe anakoroma, anamwaga mate, anarudi nyuma. Xaveria hamwachii. Kwa mkono wa kushoto ameuvuta ulimi kando, kwa kidole gumba cha kulia anahesabu meno ya mbele.

"Meno mapana sita," anasema bila kugeuka. "Huyu bado binti kabisa. Nani aliniambia amezeeka?"

Mwenye boma anatazama vidole vya miguu yake na kutabasamu. Aliyesema ni yeye.

Xaveria anajifuta mate kwenye koti lake la kazi, lililokuwa jeupe zamani, kisha anazungusha utepe kifuani mwa ng'ombe, nyuma ya miguu ya mbele. Anapapasa kiwele. Anafuata kwa vidole mshipa wa maziwa unaopita tumboni. Mwishoni anashika pembe na kuitazama kwa muda mrefu kuliko vyote. Hapo tu ndipo anapotoa kalamu.

Mama huyu mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Dareda na mkazi wa Nakwa, ana kazi ambayo hakuna anayemwonea wivu. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu wa 1987, ng'ombe wa maziwa wanaozunguka mji wanapimwa kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa unaoweza kumfikia mtoto kupitia maziwa mabichi. Anayekutwa nao hupigwa namba ya moto kwenye pembe, huchinjwa na kuzikwa. Serikali humlipa mwenyewe fidia kwa bei ya soko, kana kwamba mnyama alikuwa mzima. Anayesema bei hiyo ni kiasi gani ni Xaveria.

"Watu huniuliza, mama, unathaminije ng'ombe wa kufa? Nawaambia, mimi simthamini wa kufa. Namthamini yule aliyekuwa atoke asubuhi kwenda malishoni," anasema.

Anasema hivyo huku kidevu kikiwa juu. Si mwanamke wa kujishusha, na hilo nililigundua katika dakika tano za kwanza. Kabla ya kuajiriwa alisoma chuo cha mifugo kwa miaka miwili, wasichana wakiwa watatu darasani. Wanaume wa mnadani walimcheka walipomwona mara ya kwanza akifungua ng'ombe mdomo. Siku hizi wanamwita kando wamuulize dume fulani lina kilo ngapi, naye hukosea kwa kilo kumi tu, akikosea.

Kila Jumamosi hupanda baiskeli au lori lolote litakalokubali hadi mnada wa Endasak, nje ya eneo la karantini iliyowekwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Hanunui kitu. Husimama karibu na wanunuzi tangu asubuhi hadi mchana akiandika katika daftari bei ambayo watu wamekubaliana kweli, si ile iliyotajwa kwanza. Daftari lenyewe ni karatasi za fomu za zamani zilizoshonwa kwa uzi, maana madaftari dukani yameadimika kama sabuni.

Kwa nini asichukue bei ya hapa hapa Babati? Anacheka kwa uchungu. "Hapa karantini imefunga mnada. Anayeuza anauza kichakani, anaogopa, anapewa chochote. Hiyo ni bei ya woga. Kwenye fomu yangu imeandikwa bei ya soko."

Gari la idara limepandishwa juu ya mawe tangu mwaka jana likisubiri matairi. Buti zake za mvua zina viraka viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Mshahara wake ni shilingi 1,640 kwa mwezi, nao humalizika kabla ya mwezi kufika nusu, kama wa kila mtu. Hayo yote anayasema haraka, kama mtu anayepita mahali penye tope. Anachotaka kukizungumzia ni ng'ombe namba 117.

Nilikuwa nimesikia habari za ng'ombe huyo kabla sijafika Babati. Ndiye aliyenileta.

Ilikuwa mwezi wa tatu, Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Mvua ilikuwa inanyesha na Xaveria alikuwa na ng'ombe ishirini na sita wa kuthamini siku ile. Wa ishirini na nne alikuwa wa Mzee Melkiadi, mkulima wa mahindi na maharage mwenye umri wa miaka sitini na kitu. Zizini mwake mlikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu.

Kwa kawaida Xaveria huanza na meno. Siku ile alikuwa amelowa hadi mifupani, akaamua kuifuata fomu ilivyo, na fomu huanza na maelezo ya mwenye mali.

"Nikamuuliza, baba, huyu ng'ombe yukoje? Akanijibu, 'Huyu? Huyu amechoka tu, mama. Maziwa yake hata paka hashibi.' Nikaandika. Sikumfungua mdomo. Sikushika pembe. Nikaandika alivyosema, nikaweka sahihi, nikaondoka."

Anatikisa kichwa. "Mimi! Mtoto wa Dareda!"

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa hapo. Katika vijiji hivi mtu hamsifu ng'ombe wake mwenyewe mbele ya mgeni. Kumsifu ni kumwitia kijicho, na tena ni utovu wa adabu, kama kujisifia mke barabarani. Ukiuliza habari za ng'ombe mnono anayeng'aa, utaambiwa ni mgonjwa, ni mzee, hana maana. Na mgeni akiwa ameshika karatasi ya Serikali, basi ng'ombe huzeeka maradufu, kwa sababu kwa miaka mingi karatasi ya namna hiyo ilikuja kuhesabu mifugo kwa ajili ya kodi. Kila mtoto aliyekulia kwenye zizi anajua namna ya kuyasikiliza majibu hayo. Xaveria alijua kuliko wengi, na siku ile akayaandika kama yalivyo.

Fidia ikaja shilingi 4,100. Mzee Melkiadi akaweka dole gumba, akapokea, akarudi nyumbani.

Nilimuuliza mzee huyo kwa nini hakulalamika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

"Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ng'ombe hana maana," alijibu. "Sasa ningelalamikia nani? Nijilalamikie mimi?"

Fedha hizo hazikutosha kununua mtamba. Alinunua mbuzi watatu, na nyumbani kwake maziwa yakakoma. Mke wake, Mama Aniceti, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiuza chupa nne kila siku, akaanza kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wengine.

Xaveria hakujua lolote kati ya hayo hadi Jumapili moja baada ya misa, wiki tano baadaye. Jirani wa Mzee Melkiadi, mwanamke mwenye maneno makali aitwaye Kandida, alimsubiri nje ya kanisa.

"Mama Jovita, hujambo? Nilitaka tu kukupa pole," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ng'ombe aliyelisha nusu ya watoto wa Bonga mmemchukua kwa bei ya kiatu. Uzao wake wa nne tu huo! Mimi niliona ndama wote wanne."

Xaveria anakumbuka kwamba alirudi Nakwa kwa miguu akisukuma baiskeli, hakuweza kuipanda. Njiani ndipo alipoelewa jambo jingine lililokuwa likimsumbua. Mwezi wa pili, watu wa Bonga walikuwa wameleta ng'ombe sitini kupimwa. Mwezi wa nne walileta tisa. Wengine walikuwa wamepelekwa kwa shemeji na wajomba, milimani, ambako hakuna sindano wala fomu. Habari za 4,100 zilikuwa zimezunguka boma kwa boma. Ng'ombe wanaokohoa waliendelea kukamuliwa, na watoto waliendelea kunywa.

"Niliogopa," anakiri. "Si kidogo. Sahihi ni yangu. Ukisema ni kosa, wanaweza kukukata tofauti kwenye mshahara, au wakakufukuza. Na mimi nina watoto wanne, baba yao amelala kaburini mwaka wa tatu huu. Nikawaza, nikae kimya tu, nani atajua? Halafu nikawaza, Kandida anajua. Na mimi najua."

Ng'ombe alikuwa ameshazikwa na chokaa juu. Lakini kuna utaratibu mmoja wa idara ambao Xaveria aliukumbuka jikoni kwake akiosha vyombo kwa majivu. Kila mnyama anayechinjwa hukatwa pembe yenye namba, na pembe hiyo huwekwa stoo, ili kuthibitisha kwamba aliyelipiwa ndiye aliyekufa.

Kesho yake aliomba ufunguo. Pembe zilikuwa katika magunia matatu, zikinuka vibaya. Alizimwaga sakafuni na kuzipekua moja moja hadi mchana, akaipata namba 117.

Kila ng'ombe anapozaa, pembe hujiwekea pete, mfereji mwembamba unaoizunguka. Wafugaji huusoma kama sisi tunavyosoma kalenda. Pembe ya ng'ombe wa Mzee Melkiadi ilikuwa na pete nne, zilizopangana vizuri bila kuruka mwaka. Ndama wanne, kama alivyosema Kandida. Ng'ombe wa namna hiyo alikuwa bado na miaka mingi ya kukamuliwa. Daftari la Endasak la wiki ile lilionyesha kwamba ng'ombe wa maziwa wa uzao wa nne aliuzwa kwa shilingi 9,200.

Akaandika barua kwa kamati ya fidia. Aliyelalamika, Xaveria Konstantini. Aliyelalamikiwa, Xaveria Konstantini. Wajumbe waliisoma mara mbili, wakidhani karani amekosea.

Kamati ilikaa mwezi wa tano, watu watano mezani. Mjumbe mmoja, anayehusika na fedha, hakuficha hasira zake. Alimuuliza ni kwa nini Serikali iliyoishiwa hata karatasi ilipe mara mbili kwa ajili ya ng'ombe mmoja, tena mwenyewe hajalalamika.

"Nikamjibu, mheshimiwa, Serikali haijalipa hata mara moja. Imelipa nusu."

Mjumbe huyo akasema basi tofauti ya shilingi 5,100 ikatwe kwenye mshahara wake, ambayo ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Xaveria alijibu kwamba wakate wakitaka, ila mzee alipwe kwanza. Kisha akafungua kikapu na kuweka pembe mezani, juu ya majalada.

Bwana Herieli, mwenyekiti wa kamati, ni mtoto wa mfugaji kama wengi hapa. Nilipomtembelea ofisini hakutaka kusema mengi, lakini alikubali kwamba yeye mwenyewe aliivuta pembe ile karibu na kuhesabu pete kwa ukucha. Akahesabu tena. Akampitishia jirani yake. Pembe ikazunguka meza yote, na wazee wale wa ofisi, kila mmoja kwa zamu yake, wakawa wachungaji kwa dakika chache.

"Pembe haina adabu ya kujishusha," aliniambia Bwana Herieli, akacheka. "Yenyewe inasema tu."

Uamuzi ulikuwa kwamba Mzee Melkiadi aongezewe shilingi 5,100 kutoka kwenye fungu la fidia. Xaveria hakukatwa kitu, ila alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Anaitunza kwenye sanduku la nguo za kanisani, pamoja na cheti chake cha chuo, na alinionyesha vyote viwili bila haya yoyote.

Mzee Melkiadi alienda Endasak mwezi wa sita akarudi na mtamba mwekundu, ambaye sasa ana mimba. Nilipomuuliza mtamba huyo yukoje, alinijibu kwamba hana maana. Nikamshukuru, nikaandika kwamba ni mtamba mzuri sana.

Tangu hapo Xaveria habanduki kwenye utaratibu wake. Meno, kifua, kiwele, pembe, na mwenyewe huulizwa mwisho. Kabla ya mwenyewe huulizwa jirani, kwa sababu jirani haoni aibu kumsifu ng'ombe wa mwenzake. Ameiandikia idara akitaka fomu ibadilishwe iwe hivyo kwa wathamini wote. Hajajibiwa. Anakusudia kuandika tena, na mwakani, Mungu akipenda, kuomba nafasi ya masomo ya stashahada Morogoro.

Wiki hii yupo Maisaka. Ng'ombe arobaini na wanne walikuwa wamefungwa kwenye miti tangu alfajiri, wengine wakiwa wamerudishwa kutoka kwa wajomba, na wenyewe wakiwa wamekaa kwenye nyasi wakimsubiri. Hakuna aliyewafuata. Xaveria aliposimamisha baiskeli na kuwaona, alijifanya anakaza skrubu ya tandiko kwa muda mrefu kidogo.

Tulipoagana nilimuuliza kama angependa, kwa heshima yake, nisiandike habari za zile 4,100. Ningeweza kusema tu kwamba mzee aliongezewa.

Akaniangalia kwa jicho lile lile analomwangalia nalo ng'ombe anayebana meno.

"Ukiitoa hiyo, baba, watu watadhani Mzee Melkiadi alionewa huruma. Hakuonewa huruma. Alilipwa ng'ombe wake. Andika. Na jina langu uliandike lote."