Nusu ya Njiti

Weita wa hoteli moja ya Westlands ananiletea supu ya mifupa, ananiuliza kama aondoe mafuta yaliyoelea juu. Namwambia ayaache. Harufu yake imeshanirudisha mtaa wa Satellite, jikoni kwetu.

Mama alikuwa akivunja magoti ya ng'ombe kwa jiwe, anayachemsha mchana kutwa, kisha anaiacha sufuria ipoe mpaka asubuhi. Mafuta yakishaganda, anayadunga kwa njiti ya kiberiti. Kilo mbili za mifupa lazima zitoe mafuta ya kufika nusu ya njiti. Yakipungua, kuna mwizi nyumbani.

Asubuhi moja hayakufika hata robo. Mama akatuita, mimi na binti wa marehemu dadake, ambaye tulikuwa tukilala naye kitanda kimoja. Miguu ya yule msichana, iliyopauka siku zote kama imemwagiwa jivu, ilikuwa inang'aa.

"Kumbe mafuta yangu ni ya kujipaka," Mama akasema.

"Si mimi, aunty. Nimeamka tu nikayapata hapo mguuni."

"Yalitembea yenyewe."

Akachukua waya wa kuoshea sufuria, akaanza kumsugua. Damu ilipoanza kutoka, msichana akawa anauvuta mguu, na Mama akaniambia niushike. Nikaushika kwa mikono miwili, palepale nilipokuwa nimejipangusa vidole kabla msichana hajaamka, baada ya kuyala yale mafuta nikashiba.