Kifaransa Changu cha Masanduku

Enzi zetu sisi, shule haikuuliza miaka yako. Iliuliza mkono wako. Ulisimama mbele ya mwalimu, ukapitisha mkono wa kuume juu ya kichwa, na vidole vikishika sikio la kushoto, basi umekomaa, ingia. Visipofika, rudi nyumbani ukale bugali mwaka mwingine. Siku hizi mtoto wa miaka mitatu anapelekwa shule kwa pikipiki, na biskuti mfukoni, na bado analia. Sisi tulilia kwa kukataliwa.

Mnaonijua mnanijua. Nina malori mawili yanayopanda Bukavu, nina nyumba ya ghorofa hapa Kasenga, kando ya Ziwa Tanganyika, ambayo hata wenye diploma wanaomba kuipanga, na hakuna hata tofali moja lililotoka kwenye kitabu. Lakini nikikumbuka utoto wangu, kinachokuja kwanza si njaa wala vita. Ni sikio langu la kushoto.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Anselme. Nilimtangulia kwa mwaka mmoja na kitu. Mimi nilikuwa na kifua, nilimwangusha kila mtu mieleka pale mchangani, niliogelea mpaka mama akaacha kuogopa. Yeye alikuwa mwembamba kama upondo wa mtumbwi, na mikono mirefu inayoning'inia bila kazi. Baba alikuwa mbeba mizigo bandarini Kalundu. Siku moja alitupaka mawese mpaka tukang'aa, akatupeleka shule ya mission. Mimi ndiye niliyepelekwa. Anselme alifuata tu ili asibaki akilia. Nikapitisha mkono. Nikainamisha kichwa, nikavuta, nikatoa ulimi. Vidole viliishia kwenye nywele. Anselme, ambaye hakuna aliyemwita, akanyanyua mkono wake, akashika sikio, akalivuta mara mbili kama mtu anayepiga kengele ya kanisa.

"Huyu aingie," mwalimu akasema. Kisha akanitazama mimi. "Na weye, mukubwa, urudi nyumbani. Mukono yako iko bado mutoto."

Iko bado mutoto! Mkono uliomwangusha Anselme mara mia!

Mwaka uliofuata nilirudi. Mkono ulikuwa umerefuka, sikatai, ila kichwa nacho hakikuwa kimesubiri.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja. Mama akipika mukeke, kichwa cha samaki kilikuwa changu, mzaliwa wa kwanza. "Mwenye kufungua njia ndiye anakula kichwa," alisema, na hakuna aliyebisha. Asiyejua utamu wa kichwa cha mukeke kilichochemshwa na nyanya na pilipili, kile kinofu cha shavuni, yale macho, huyo nimwombee tu. Basi Anselme akaanza kurudi kutoka shule. Anasimama mlangoni, anavua kofia asiyokuwa nayo, anasema: "Bonjour, maman." Mama akaachia mwiko ndani ya sufuria. Akashika kifua. Ungedhani msimamizi wa wilaya ameingia. Anselme akahesabu mbuzi kwa Kifaransa, mbuzi niliokuwa nawachunga mimi, na hao wajinga wakainua vichwa kumsikiliza. Jioni ile samaki alipoletwa, mkono wa mama ulisita juu ya sahani yangu, kisha ukaendelea. Kichwa kikatua kwa Anselme.

"Anaumiza kichwa na masomo," mama akasema. "Acha akule kichwa."

Nilimtazama yule samaki, naye akanitazama kwa jicho moja. Kuanzia siku hiyo sikuwa mtoto tena. Nilikuwa wivu wenye miguu miwili.

Nikaamua kukipata Kifaransa mwenyewe, kama nilivyopata kila kitu baadaye. Mlango wa nyumba yetu baba aliutengeneza kwa mbao za masanduku yaliyopasuka bandarini, na juu ya mbao hizo kulikuwa na maandishi meusi makubwa. Nikamwomba karani mmoja, jirani yetu, anisomee. Alisoma huku akicheka, nilidhani ananistaajabia. "Haut. Bas. Fragile. Ne pas renverser." Kwa wiki nzima niliyarudia, mbuzi wakila mihogo ya watu. Maana yake sikuuliza. Kwani kanisani hatukuimba Kilatini kila Jumapili? Nani aliuliza maana? Misa ilipotoka nilimngoja padri, mzee Mzungu mwenye ndevu, nikamsalimia kwa sauti: "Fragile, mon père!" Akaniwekea mkono kichwani kwa upole sana, kama vile mtu anavyomgusa mgonjwa. Nilimwambia Anselme kwamba padri amenibariki kwa sababu ya Kifaransa changu. Anselme akasema, "Yaya, iko hivi..." Yaya ndivyo tulivyowaita wakubwa wetu. Sikumwacha amalize. Nilimwangusha mieleka.

Ndipo Uhuru ukakaribia, na watu wakaanza kugawana vitu vya Wazungu kabla hawajaondoka. Jirani mmoja alikwishachagua nyumba yenye veranda. Mwingine alichagua baiskeli, kila siku anapita kuiangalia kama iko salama. Mimi nilichagua Kifaransa. Niliwaza: hawa watu wanaondoka na meli, meli ina nafasi ndogo, lugha yote hawawezi kuipakia. Itabaki hapa, igawiwe, kila mtu fungu lake, na mzaliwa wa kwanza anatangulia. Siku ilipofika niliamka alfajiri, nikashuka ziwani, nikasukutua mdomo vizuri kwa maji ya Tanganyika, nikaufungua. Ikatoka "Fragile."

Anselme alikuwa amenifuata. "Yaya, unafanya nini?"

"Nangoja fungu yangu."

Hakucheka. Laiti angecheka.

Mwaka ambao mkono wangu ulifika sikioni, na ulifika, ukashika sikio lote na sehemu ya shavu, mwalimu mpya akasema nimepita umri. Nikarudi kwa mbuzi.

Kisha uasi ukaja, waasi wakawasaka wasomi kama watu wa Wazungu, na dunia ikapinduka. Kile Kifaransa kilichokuwa kikilipwa kwa vichwa vya samaki kikawa kitu cha kuficha. Waliovaa miwani waliivua, wakawa wanagonga kuta. Kalamu zilitoka mifukoni zikaingia chooni. Mama alizichoma daftari zote za Anselme chini ya sufuria ya maharagwe, akilia, na Anselme akilia. Mimi nilipuliza ule moto kwa moyo wangu wote.

Baba akabaki kulinda nyumba, sisi tukashika njia ya Makobola kwa ndugu za mama, ziwa kushoto, milima kuume, mkeka kichwani. Kabla ya kufika tukakuta kizuizi: mti umelazwa juu ya mapipa mawili, vijana wenye majani kichwani na mikuki, na mkubwa wao amevaa koti la jeshi lililochanika bega. Wakatupanga mstari.

"Batoto ya masomo," akasema yule mkubwa, "benye kujua Kifaransa, batoke mbele."

Wamama wote wakatazama chini. Kidole cha Anselme kilikuwa bado na wino, na katika hofu yake alikitia mdomoni. Macho ya mkubwa yakapita kwetu mmoja mmoja, yakasimama pale.

"Weye mwenye kunyonya kidole. Weye njo musomi?"

Watu wa pwani hii husimulia kwamba wakati huo nilifikiria damu yangu, nikajitoa niuawe mimi. Nimeisikia hadithi hiyo kwenye harusi na kwenye matanga, na sijawahi kumkatiza msimulizi. Leo nasema ukweli. Nilichofikiria ni hiki: hata hapa? Hata mbele ya mikuki, katika umati huu wote, msomi anayechaguliwa ni Anselme?

"Hapana, chef!" nikapiga kelele. "Huyu hajui kitu! Mwenye kujua Kifaransa ni minye!"

Mama akafumba macho.

"Leta tusikie."

Nikatoka mbele, nikatoa kifua. "Haut! Bas! Fragile! Ne pas renverser!"

Nyuma yangu nikamsikia Anselme akivuta pumzi, ile pumzi yake ya kutaka kunirekebisha matamshi! Mama alimkanyaga mguu kwa kisigino mpaka alama ikakaa mwezi mzima.

Yule mkubwa akanikaribia, uso kwa uso. Midomo yake ikaanza kutetemeka, kisha kicheko kikampasuka.

"Hiyo ni maneno ya masanduku! Minye nimebeba hiyo masanduku na kichwa Kalundu, miaka tano! Juu. Chini. Inavunjika. Usipindue." Akawageukia wenzake. "Huyu si musomi. Huyu ni sanduku ya sahani!"

Walicheka mpaka wakaegemea mikuki. Wakainua mti. "Pita, sanduku. Na weye mama, usimupindue."

Tulipita. Wamama walikuwa wanamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu ndiyo kwanza nimejua maana ya Kifaransa changu. Jioni, huko Makobola, mama aliweka kichwa cha mukeke kwenye sahani yangu. "Mwenye kufungua njia," akasema, akageukia sufuria. Nilikila chote. Sikumwachia Anselme hata jicho.

Leo yeye ni profesa, tai shingoni hata kwenye joto. Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu. Mke wangu alipoleta samaki, Anselme akakisogeza kichwa cha samaki wake upande wangu. "Ya kwako hii, yaya." Kisha akawageukia watoto wangu akawaambia kitu kwa Kifaransa, kirefu, akininyooshea mkono mimi, halafu akiupitisha mkono wake juu ya kichwa mpaka sikioni. Kitinda mimba alicheka. Binti yangu mkubwa alijifuta macho. Wote wakanitazama.

Sijui aliwaambia nini. Labda Makobola kama mama alivyoisimulia. Labda Makobola kama ilivyokuwa, kwa sababu yeye alikuwa nyuma yangu, na Anselme si mjinga. Kuuliza siwezi: miaka yote nimewaambia watoto kwamba Kifaransa nakielewa chote, ila sipendi tu kukisema. Basi nikainua kidole, nikasema, "Voilà," kama mtu aliyeelewa yote, nikaanza kula.

Kichwa kilikuwa kitamu, sisemi hapana, ingawa si kama kile cha Makobola. Nikawatazama watoto wangu, wanaoongea Kifaransa kama wanavyotafuna, bila kujua kama kiliwahi kumkosa mtu. Kila mmoja alikuwa na samaki wake mzima. Vichwa walikuwa wameviacha pembeni ya sahani, vinne, vinanitazama. Hawana wivu, watoto hawa. Sijui watajifunza nini.