Mgeni Aliyekuja Mazishini kwa Magongo

Siku tunamzika kaka yangu Manasseh, mtu aliyegongwa na gari la marehemu aliingia bomani kwa magongo, akalia kuliko sisi wenyewe.

Hakuna aliyemwalika.

Ngoja niwaeleze tulivyofika hapo.

Manasseh alikuwa anabeba ndizi na pikapu yake, Masimba hadi Kisii. Asubuhi moja ya mvua, pikapu ikamgonga mtu anaitwa Onsongo, ikabingiria mtaroni.

Tulipofika hospitali alikolazwa kaka yangu, mke wake Bitutu alinishika mkono.

"Mama Ronny, usilie. Gari iko na bima."

Na kweli ilikuwa nayo. Nikashusha pumzi.

Mtu wa bima akaja. Akauliza habari za Onsongo tu. Mguu umevunjika wapi? Anafanya kazi gani?

"Na huyu?" Bitutu akamwonyesha mumewe, mashine inampumulia.

"Pole sana mama. Alichukua third party. Hiyo inamlipia mtu mwingine aliyeumizwa na gari. Si dereva. Si gari lenyewe."

"Kwani mume wangu si mtu?"

Jamaa akafunga faili lake, akaaga.

Tulichanga. Kanisa likachanga. Ng'ombe akauzwa. Manasseh akatuacha tu.

Kibaya zaidi, Onsongo aliwaambia polisi kwamba Manasseh alikuwa anakimbiza gari ovyo. Kaka yangu, mzee wa kanisa, akawa anazikwa na jina la dereva mzembe.

Sasa ndiye huyo, amesimama kando ya kaburi.

Vijana wakaanza kumsukuma nje.

"Mwacheni aongee," Bitutu akasema.

"Nilidanganya," Onsongo akasema. "Nilivuka bila kutazama, simu sikioni. Alikuwa anaenda pole pole. Alijaribu kunikwepa, ndiyo maana akabingirika. Kuna mtu aliniambia nikisema ukweli bima haitanilipa."



Nilitaka kumrukia. Bitutu akanitangulia.

"Hayo utayasema polisi?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Kesho."

Kimoyomoyo nikasema, huyu anatuchezea.

Lakini alienda. Nilimpeleka mwenyewe. Akabadilisha maneno yake, na malipo aliyokuwa akingoja yakaishia hapo.

Siku hizi anauza mitumba Mosocho, anachechemea. Tukikutana anainamisha kichwa. Mimi bado sijaweza kumsalimia.

Bitutu anachuma majani chai kwa mashamba ya wenyewe. Jina safi la mume halilipi karo. Lakini anasema angalau sasa watoto wakiulizwa baba yao alikufaje, hawaoni haya kujibu.

Wewe unayeendesha, third party ichukue, ni sheria, na ni haki ya yule utakayemuumiza. Lakini usitoke kwa hiyo ofisi kabla hujauliza swali ambalo kaka yangu hakuuliza:

"Na nikiumia mimi?"